Nyumba ya Kwanza Kutoka Barabarani

Benchi letu lina ubao mmoja, matofali machache na maoni yasiyo na idadi. Liko ng'ambo ya Ofisi ya Ardhi, linatazamana na dirisha la masijala, pale wanapopokea hati na kutoa majibu ya upekuzi, yaani kiwanja fulani ni cha nani. Mimi hushona viatu mwisho wa benchi hilo, upande wa kivuli, ndiyo maana wananiita Soli. Kikazi sina ugomvi na ofisi ile. Mtu anaenda dirishani, anarudi, anaambiwa njoo kesho, anaenda tena, anarudi tena, hatimaye kiatu kinakuja kwangu kikiwa hoi. Lakini na mimi nina moyo, na Ijumaa ile nilikuwa nimewachoka. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu saa sita, na kibao kimetundikwa kwa kamba: TUNARUDI. Hakikusema lini.

Tulikuwa wanne benchini. Birika, muuza kahawa, ambaye nusu ya kahawa yake huinywa mwenyewe halafu analalamika biashara mbaya. Mwalimu Chaki, aliyestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha watu. Fundi Bomba, mfuko wa spana katikati ya miguu, suruali imekauka magotini kwa matope ya kazi ya asubuhi. Na mimi. Sote ni wa mtaa mmoja, na mtaa wenyewe uko nyuma ya ofisi hiyohiyo. Makarani wakifungua madirisha ya nyuma wanajua nani kaunguza mboga.

Tulikuwa tunamsubiri jirani yetu Mama Cherehani. Yeye alikuwa ndani. Walipofunga dirisha walimwomba atoke, akakataa, akakaa kwenye kiti cha mlinzi.

Mambo yake yalikuwa madogo tu, kwa mtu mwenye akili timamu. Mumewe amefariki. Hati ya nyumba ina majina mawili, la mume na la mke. Alichotaka ni jina la marehemu lifutwe, lake libaki. Basi. Lakini kaka mkubwa wa marehemu alikuwa ameshatoa kauli: Jumamosi saa nne anakuja na ndugu, na kama shemeji yake hana hati ya nyumba ile yenye jina lake, nyumba ni ya ukoo, yeye atafute pa kwenda na cherehani yake. Mpangaji wa kuingia ameshapatikana, tena ameshachagua rangi ya ukuta. Na dirishani mara ya mwisho Mama Cherehani aliambiwa neno moja tu: hati yako haioani na nyumba yako.

– Haioani! – alisema Birika, akimimina. – Nyumba na hati ni watu wa kuoana?

– Maana yake hazilingani – alisema Mwalimu Chaki.

– Maana yake najua, Mwalimu. Nashangaa tu. Mtu kaishi humo, kazaa humo, kafiwa na mume humo, leo unamwambia haioani!

– Mimi nawaambieni ni maji – alisema Bomba.

– Maji ya nini tena?

– Mimi nimefunga bomba ndani ya masijala ile. Nimeiona kwa macho yangu haya. Bomba kubwa linapita juu ya makabati, na kabla sijalifunga lilikuwa linavuja mwaka mzima. Majalada yamelowa, yameshikana. Karani akivuta lako, linakuja na ngozi ya mwenzako. Ukisoma nje ni wewe, ndani ni mtu mwingine.

– Mwaka mzima linavuja na wewe ndiye fundi wao? – nilimuuliza.

– Nilikuwa nasubiri kibali cha kununua kiungo, Soli. Usinitafute.

Mwalimu Chaki aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue somo limeanza.

– Maji hayabadilishi namba ya kiwanja. Hapa tunazungumzia jiografia. Ardhi inasogea.

– Inasogea?

– Mabara yote yanasogea. Polepole, kama kucha zinavyoota. Ramani ilichorwa zamani. Nyumba imekaa juu ya ardhi, ardhi imesogea, ramani haijasogea. Kwa hiyo kwa mujibu wa ramani, nyumba ya Mama Cherehani imeshatoka kwenye kiwanja chake.

Birika alimtazama mdomo wazi.

– Mwalimu, na ofisi yao? Haisogei?

– Nayo inasogea.

– Na sisi hapa benchini?

– Na sisi.

– Basi si tunasogea wote pamoja! Kwa nini iwe nyumba ya mama wa watu peke yake?

Mwalimu alinyanyua kikombe. Alisema hilo ni swali zuri, ila ni la kidato cha juu.

– Mimi nitawapa ukweli – alisema Birika, akashusha sauti kana kwamba kile kibao cha TUNARUDI kina masikio. – Kuna mtaa wetu wa pili.

– Mtaa gani?

– Pacha wa wetu. Upo kwenye makaratasi tu. Una nyumba zilezile, majina yaleyale, ila kule maji yanatoka kila siku, lami ipo, taa zipo. Kila fedha ya maendeleo ikija inakwenda kule. Sasa Mama Cherehani hati yake ni ya mtaa ule. Ukitaka kuhamia, huwezi, kwa sababu haupo.

– Na mimi kule nina nyumba? – aliuliza Bomba.

– Unayo. Ghorofa.

Bomba alicheka hadi spana zikagongana mfukoni. Namkumbuka anavyocheka pale, kichwa nyuma, meno yote nje, kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho siku ile.

Mlango wa pembeni ulifunguka. Mama Cherehani alitoka na karatasi mbili mkononi, futi kamba yake ya kupimia ikining'inia shingoni, maana alitoka nyumbani asubuhi akiwa kazini na hakukumbuka kuivua. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Pikipiki ikampigia honi, akaigeukia kwa jicho moja tu, ikanyamaza.

– Nisogezeeni – alisema.

Tulimsogezea. Birika alimpa kahawa. Hakuinywa.

– Wamesemaje, shemeji? – aliuliza Bomba. Marehemu na Bomba walikuwa chanda na pete, tangu zamani yeye na Mama Cherehani wanaitana shemeji.

– Wamesema sisi ni wajinga.

– Wao ndio wajinga! – alisema Birika.

– Sisi, Birika. Mtaa mzima. Nyamazeni basi niwaeleze, maana nikieleza mara mbili nitalia, na sitaki kulia mbele ya ofisi hii.

Tulimsogelea. Hata Mwalimu.

– Karani kafungua ramani ya mtaa wetu mezani. Viwanja saba, namba moja mpaka saba. Nikamwambia hati yangu namba moja, nyumba yangu ya kwanza, nionyeshe. Akaweka kidole. Kidole chake kikawa huku mwisho kabisa, kisimani.

– Kisimani kuna kwangu – alisema Bomba.

– Nikamwambia umekosea, namba moja ni barabarani. Akaniambia mama, mpima ardhi alianzia kisimani. Aliweka jiwe la kwanza la mpaka pale kisimani, akaja akihesabu hadi barabarani. Namba moja iko kisimani. Barabarani ni namba saba.

– Nilisema mimi! Hawa watu wanapima kinyumenyume! – alipiga kelele Birika.

– Subiri. Akaniuliza, siku mnaandikishwa hati, karani aliyekuwepo aliwaulizaje? Mnakumbuka?

Tulikumbuka. Nilihisi masikio yanapata moto. Karani wa wakati ule alikuja mtaani na kiti chake, akakaa kwenye kivuli cha nyumba ya Mwalimu, tukapanga foleni, naye akamuuliza kila mmoja wetu swali moja: wewe nyumba yako ya ngapi?

Na sisi tukamjibu tunavyojua. Mtaani kwetu tunahesabu kutoka barabarani. Michango ya msiba huanzia barabarani, zamu ya kufagia huanzia barabarani, hata mgeni tunamwelekeza hivyo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Marehemu akasema ya kwanza. Mwalimu akasema ya pili. Mimi nikasema ya nne. Birika ya sita, Bomba ya saba. Karani akaandika. Hakuna aliyemwuliza ramani inaanzia wapi, na yeye hakutuuliza sisi tunaanzia wapi.

– Kwa hiyo – alisema Mwalimu Chaki taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na uhakika – hati yangu ya pili…

– Ni ya nyumba ya Birika. Na ya Birika ni yako. Wale wa tatu na wa tano, nao vilevile. Kaka Soli peke yake ndiye aliyepona, yuko katikati. Ukihesabu huku ni wa nne, ukihesabu kule ni wa nne.

Wote walinigeukia kana kwamba nimeiba kitu.

– Ngoja kwanza – alisema Birika. – Nyumba ya Mwalimu ni yangu?

– Kwenye karatasi.

– Na ule ukuta aliojenga juzi akatufungia upepo mtaa mzima?

– Wako.

– Mwalimu, ukuta wangu ule uupake chokaa. Unanitia aibu.

– Na wewe choo chako – alisema Mwalimu, amewaka – kile ulichochimba karibu na kisima nikakuambia kiafya si sahihi, ukaniambia kwangu nachimba nitakapo. Kumbe ulichimba kwangu! Nataka kifukiwe.

– Nikifukie nikajisaidie wapi?

– Kwako. Yaani kwangu. Yaani… unanielewa!

– Jamani! – Mama Cherehani alipiga ubao wa benchi, kahawa ikaruka. – Kesho saa nne watu wanakuja kunitoa. Mnagombania choo!

Niliona aibu kwa niaba ya benchi zima.

– Dawa yake ipo? – nilimuuliza.

– Ipo, kaka Soli, tena nyepesi. Karani kanipa fomu ya marekebisho. Wenye hati mbili zilizopishana wanasaini pamoja, mbele yake, kwamba kila mmoja achukue kiwanja anapoishi. Anabadilisha namba leoleo, anafuta jina la marehemu, ananipa karatasi yenye muhuri. Kesho nawaonyesha wakwe, yanakwisha. Ila tuwahi kabla hawajafunga saa tisa na nusu. Jumamosi hawafanyi kazi.

Aliinyoosha ile fomu kuelekea kwa Bomba.

– Ni mimi na wewe, shemeji.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na kwa haki ya Mungu hakuna aliyeona yanageuka. Bomba hakuipokea fomu. Aliitazama. Halafu alitazama mfuko wake wa spana, akaufungua, akaufunga.

– Sawa – alisema. – Lakini hebu twende polepole. Huyo karani ni nani? Tunamjua?

– Ana haja gani ya kujulikana? Ana muhuri.

– Mimi sikatai, shemeji. Nasema tu, ofisi iliyokosea mara ya kwanza haishindwi kukosea mara ya pili. Tukisaini leo, kesho wanasema ramani ilianzia katikati. Kila mtu anakuwa kwa Soli.

Birika alitaka kucheka, akajizuia.

– Halafu kuna ile habari ya mabara – aliendelea Bomba. – Mwalimu kasema ardhi inasogea.

– Nilikuwa natoa mfano tu – alisema Mwalimu.

– Na ule mtaa wa pili wa Birika je? Vipi kama hii fomu ni ya mtaa ule?

– Bomba, nilikuwa natania! – alisema Birika.

Lakini Bomba hakuwa anatania. Alikuwa anaokota kila upuuzi tuliousema mchana ule, mmoja mmoja, anajijengea kibanda cha kujifichia. Na nyumba ya Mama Cherehani wote tunaijua ilivyo. Ya mawe, dari nzima, ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, pale anapoweka cherehani na wateja wanapitia dirishani. Ya Bomba ni vyumba viwili vya bati, chini kule kisimani ambako mvua ikinyesha maji hayaulizi mlango uko wapi.

– Bomba – nilisema – ukisaini unapoteza nini?

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayemshonea viatu.

– Wewe nyamaza, Soli. Nyumba yako iko palepale ilipokuwa jana. Ni rahisi kuwa mtu mwema ukiwa wa katikati.

Ilikuwa kweli, na iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa na makosa na bado alisema kweli.

– Birika na Mwalimu – alisema Bomba – nyie mtasaini lini?

– Sisi? – alisema Birika. – Sisi tutasaini tu. Wakati wowote.

– Leo?

– Leo nina biashara.

– Mwalimu?

– Mimi ningependa kwanza kuisoma hiyo fomu kwa utulivu – alisema Mwalimu, mtu ambaye ukuta wake una thamani kuliko nyumba nzima ya Birika, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kukimbia kusaini, lakini ubishi ulimshinda.

– Mmeona? – alisema Bomba. – Kila mtu anataka kufikiria. Mimi tu ndiye nisifikirie.

Mama Cherehani alikuwa bado ameinyoosha fomu. Mkono ulianza kushuka kwa kuchoka.

– Shemeji – alisema – marehemu alikusindikiza siku unachukua hati yako. Alikuwekea saini ya shahidi.

– Najua.

– Na jeneza lake ulilibeba mwenyewe, mbele.

– Najua, shemeji! – sauti ilimpanda, watu waliokuwa wakisubiri ng'ambo wakageuka. – Najua yote! Lakini na wewe jua. Mimi mvua ikianza usiku nasogeza kitanda. Ikizidi nasogeza watoto. Nimeziba mabomba ya mji huu wote, kwangu maji yanaingia mlangoni. Leo karatasi ya serikali inaniambia nina nyumba yenye dirisha barabarani. Ni uongo, najua ni uongo. Niacheni nikae na uongo huo hata wiki moja.

– Wiki moja mimi nitakuwa nje – alisema Mama Cherehani.

Alisema polepole, bila hasira. Angetukana ingekuwa nafuu.

Birika alifunua birika akachungulia ndani, akalifunika. Ng'ambo, mkono ulitoka dirishani ukatoa kibao cha TUNARUDI. Foleni ikajipanga mara moja, watu wakisukumana kwa viwiko na bahasha zao.

Mama Cherehani alisimama. Aliikunja fomu mara mbili akaiweka ndani ya kitabu chake cha vipimo vya wateja. Halafu akafungua pochi, akatoa ufunguo.

– Shemeji, koki ya jikoni kwangu imeharibika tangu asubuhi, maji yanamwagika ovyo, na nyumbani hakuna mtu. Nenda kaitengeneze. Mimi nashika foleni. Ukirudi nitakulipa.

– Tangu lini mimi na wewe tukalipana?

– Tangu leo. Kama nyumba ni yangu, wewe ni fundi na mimi ni mteja, pokea pesa yako uje tusaini. Kama ni yako, basi umetengeneza kwako, hunidai. Mimi nitaelewa, sitakuuliza tena.

Bomba aliutazama ule ufunguo. Aliupokea, na niliona, sote tuliona, jinsi vidole vilivyoufumba. Akabeba mfuko wa spana akazunguka kona ya ofisi kwenda mtaani kwetu.

– Atapokea – alisema Birika. – Bomba nawajua kwao, si watu wa hivyo.

– Kisaikolojia – alisema Mwalimu – mtu akishika kazi yake ya kila siku akili humrudia.

– Mwalimu – nilisema – nakuomba leo usinielimishe.

Tulisubiri. Sijui ilikuwa muda gani, najua nilishona upande mmoja wa kiatu kisha nikafumua kwa sababu nilikuwa nimekishona na ulimi wake. Mama Cherehani alisogea foleni, akafika mtu wa tatu kutoka dirishani, kisha wa pili. Alikuwa anawapisha watu wa nyuma yake wapite mbele, mmoja baada ya mwingine, macho yake yako kwenye kona. Wale watu walimshukuru. Walidhani ni ukarimu.

Bomba alitokea konani, mikono bado ina maji. Alitembea kama mtu aliyeamka usingizini. Mama Cherehani alitoka foleni, wakakutana hapa mbele ya benchi, katikati yetu.

– Imepona? – aliuliza.

– Imepona. Ilikuwa mpira tu, umelika. Nimeweka mpya.

Alimrudishia ufunguo. Nikashusha pumzi. Mwalimu naye akashusha, nilimsikia.

– Jikoni kwenu kuna mwanga sana mchana – alisema Bomba. – Sikuwahi kuona. Huwa naingia jioni.

– Ndiyo. Kuna mwanga.

Mama Cherehani alifungua pochi. Alitoa noti, akainyoosha kama alivyonyoosha fomu, mkono uleule.

– Chukua, shemeji.

Bomba alipangusa mikono kwenye suruali. Akaipangusa tena. Mimi moyoni nilikuwa nasema chukua, chukua, chukua, na nadhani midomo yangu ilikuwa inatamka. Ng'ambo karani alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa kalamu, anaita watu wa mwisho.

– Aa, shemeji – alisema Bomba, bila kumtazama. – Acha tu.

– Chukua, nimekuomba.

– Acha tu, shemeji. Ni kitu kidogo.

Miaka yote alikuwa akisema maneno hayohayo. Mara zote yalikuwa wema. Kama kuna mtu aliyeweza kusema siku ile yalikuwa nini, hakuwa miongoni mwetu, na sidhani kama hata Bomba mwenyewe alijua. Mama Cherehani alibaki amesimama, noti mkononi, futi kamba shingoni, na hakuirudisha pochini wala hakuiangusha.

Wakati huo alikuja mama mmoja mgeni, hatujawahi kumwona, bahasha kwapani, jasho usoni, mtu ambaye ni wazi alikuwa amekimbilia dirisha na amelikuta linafungwa. Alijitupa kwenye benchi pembeni yangu akaomba kahawa. Birika alipindua birika, likatoa tone moja na machicha, akamnong'oneza kwamba fundi katengeneza koki na hataki kulipwa. Yule mama akaitazama ile noti iliyonyooshwa, akamtazama fundi aliyeloa anayetazama chini, akatabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa ugomvi mzuri wa majirani.

– Jamani, mpokeeni basi dada wa watu pesa yake – alisema. – Kwani koki ilikuwa ya nyumba ya nani?

Alitutazama mmoja mmoja, akingoja. Mwalimu Chaki, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati. Saa tisa na nusu ilikuwa imefika; dirishani mkono ulitoka tena, ukatundika kibao kilekile.